Kiti cha Mfungua Malango

Katika bonde letu hakuna abiria wa bure. Anayekaa kiti cha kulia, kando ya dereva, awe mgeni, mchungaji wa kanisa au mama mkwe, ndiye anayeshuka kufungua malango, naye ndiye anayeyafunga gari likishapita. Dereva hubaki na usukani wake. Sheria hii hakuna aliyepata kuiandika, lakini mtoto huijua kabla hajajua kuandika jina lake, na anayeivunja huchekwa mnadani mpaka theluji ianguke.

Mzee Halvor Skaar alikikalia kiti hicho tangu macho yake yalipoanza kumdanganya barabarani. Ng'ombe na mashine alikuwa amekwisha kumkabidhi mwanawe, Reid. Farasi wake wa mwisho alikuwa ameuzwa kwa watu wa ng'ambo ya mlima. Yeye alibakiwa na kazi moja, na kazi hiyo aliifanya vizuri kuliko mtu yeyote tunayemjua. Kutoka nyumbani kwao hadi malisho ya juu kuna malango matano, yote ya waya wa miiba uliokazwa juu ya fito, yasiyo na bawaba wala kitasa. Lango la namna hiyo hufungwa kwa kuukumbatia mti wake kama unavyomkumbatia mtu unayetaka kumwangusha. Unaubana kwa bega hadi kitanzi cha waya kipite juu ya kichwa chake. Vijana wenye vifua vipana hutoka hapo na mikwaruzo na aibu. Halvor, ambaye alikuwa akikaribia miaka themanini, aliweka bega mara moja tu, kitanzi kikaingia. Glavu zake za ngozi zilikaa daima juu ya dashibodi, upande wake, moja juu ya nyingine.

Chanzo cha mambo yote kilikuwa tope. Mwezi wa Aprili, theluji ya mlimani ilipoyeyuka, pikapu ya Reid ilizama katika kivuko cha kijito, chini kidogo ya lango la nne. Ilikuwa gari la kazi nzito, la dizeli, lenye nguvu ya kuvuta tela la ng'ombe kumi na wawili bila kulalamika. Hata hivyo injini yake ilikuwa nzito na tumbo lake lilikuwa karibu mno na ardhi. Kadiri Reid alivyokanyaga mafuta ndivyo lilivyojichimbia kaburi. Baba na mwana walikaa humo, maji ya barafu yakipita chini ya milango, mpaka jirani yao Garvin Pruitt alipotokea na trekta.

"Reid, ndugu yangu," Pruitt aliita kutoka juu ya trekta, "hiyo ni pikapu au ni jembe?"

"Jembe lingekuwa limeshatoka upande wa pili," Halvor alijibu kupitia dirishani. "Rusha mnyororo, acha maneno."

Walipofika malisho ya juu, mtamba mmoja alikuwa amelala ubavu, na ndama wake, aliyekuja kwa miguu ya nyuma, alikuwa amekwisha kufa. Wangewahi, wangemvuta akiwa hai. Jioni, mezani, Reid alitangaza kwamba gari litainuliwa na kuvishwa matairi makubwa kabla ya majira mengine ya tope.

Seti kamili ya kuinulia gari, ile inayotoka kiwandani na kila kitu ndani ya sanduku lake, ilikuwa juu ya uwezo wao mwaka ule, kwa sababu ukame ulikuwa umewalazimisha kununua nyasi. Kwa hiyo Reid alichagua njia ya mtu mwenye mfuko mwepesi. Mbele angeweka vipande vinene vya chuma juu ya springi. Nyuma angeweka kipande kirefu zaidi kati ya ekseli na mabamba ya springi. Matairi alikuwa ameyapata kwa mtu aliyekuwa akifanya kazi kwenye visima vya mafuta. Yalikuwa yametumika, lakini meno yake bado yalikuwa marefu. Matairi ya zamani na rimu zake angemwuzia mtu wa mjini, na fedha hiyo ingesukuma mengine.

"Na zile ngazi za pembeni?" aliuliza Janelle, mke wa Reid, akigawa viazi.

"Tairi kubwa litazigusa ukikata kona yote. Nazitoa. Yule anayechukua matairi atazichukua pia, ataongeza kidogo."

"Sasa Baba atapandaje?"

"Baba yupo hapa hapa, anakula viazi, na masikio anayo," alisema Halvor. "Na miguu ninayo. Ngazi ni mapambo ya watu wa mjini wanaoogopa kuchafua viatu. Reid, hiyo pesa nunua shokomzoba ndefu na mipira mirefu ya breki. Gari lisilosimama ni jeneza lenye redio."

Janelle aliyatazama magoti ya baba mkwe wake, kisha akamtazama mumewe. Reid alikitazama kiazi chake.

"Ngazi nyingine tutaweka tukishauza ndama," alisema.

Kazi yenyewe ilifanyika ndani ya ghala, kwenye sakafu ya saruji, nayo ilifanyika kwa utaratibu ambao mtu anayependa kazi safi angeutazama kwa raha. Halvor alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na hakuna hatua iliyompita. Alihakikisha magurudumu yamezuiwa kabla jeki haijaguswa, na gari limekalishwa juu ya vigingi vya chuma kabla mtu hajaingiza kichwa chini yake. Reid alipotaka kuokoa fedha kwa kupanga vipande viwili vifupi mahali pa kimoja kirefu, mzee aligonga ndoo kwa kisigino.

"Hapana. Kipande juu ya kipande ni mnara, na mnara huanguka. Kimoja, au tuache."

"Sawa, Baba. Kimoja."

"Na hizo bolti za zamani?"

"Bado nzima, angalia."

"Zilishakazwa mara moja hizo. Bolti ya namna hiyo ni kama mke wa mtu, usiijaribu mara ya pili. Weka mpya."

Reid alicheka mpaka spana ikamponyoka, kisha akaenda kununua mpya. Aliirekebisha pia ile fimbo inayozuia ekseli ya mbele isiende kombo, akaupeleka usukani kupimwa. Katika kazi ile hapakuwa na kosa la ufundi. Fundi yeyote angeikagua na kuipitisha.

Gari liliposimama uani juu ya matairi yake mapya, kuku walilikwepa. Halvor alilizunguka polepole, akapiga tairi kwa kiganja kama anavyopigwa fahali anayenunuliwa.

"Sasa hili linavuka hata gharika," alisema. "Nuhu angelikodi."

Kisha alifungua mlango wa kulia. Sakafu ya gari, ambayo zamani ilikuwa usawa wa magoti yake, sasa ilikuwa usawa wa kiuno. Aliinua mguu, kiatu kikateleza ukingoni kikarudi chini. Aliinua tena, akakishika kishikio cha ndani kwa mikono miwili, akajivuta, akafika kitini akihema.

"Hewa ya huku juu ni nyembamba," alisema.

Walicheka wote watatu. Janelle ndiye aliyetangulia kunyamaza.

Kesho yake asubuhi walikwenda malisho ya juu. Lango la kwanza Halvor alishuka kinyumenyume, kama mtu anayeshuka kwenye lundo la nyasi, akafungua, akafunga, akapanda. La pili alifanya vivyo hivyo, ila alikaa muda mrefu zaidi mkono ukiwa juu ya kishikio. La tatu alihitaji majaribio matatu kupanda, na Reid akajifanya anatafuta kituo redioni. La nne mguu wake uliitafuta ardhi, ukaikosa, akaangukia goti moja katika changarawe. Aliinuka mwenyewe. Alilifunga lango kwa bega, mara moja tu kama siku zote, akarudi mlangoni. Reid alikuwa amekwisha kuzunguka, amenyoosha mikono kumsukuma kiunoni. Mzee aligeuka akamtazama kwa jicho ambalo Reid hakuwa ameliona tangu alipokuwa na miaka kumi na sita. Mikono ikashuka.

Kwenye lango la tano Reid alikuwa wa kwanza kusema.

"Kaa tu, Baba. Nitafungua mimi."

Alisema kwa upole, na labda ndiyo sababu neno lile lilipenya mpaka mfupani. Halvor hakubisha. Reid akashuka, na wakati anahangaika na kitanzi, Pruitt akatokea upande wa pili juu ya pikipiki yake ya magurudumu manne, mbwa wawili wakimfuata.

"He! Tangu lini dereva anafungua geti na abiria kakaa? Mzee Halvor, umekuwa gavana?"

"Gavana hafanyi kazi hata hii," Halvor alijibu dirishani.

Pruitt alicheka kwa muda mrefu, kwa kuwa alikuwa mtu mwema na utani ulikuwa mzuri. Ndani ya gari Halvor alivua glavu zake, moja, kisha nyingine, akazirudisha juu ya dashibodi.

Asubuhi iliyofuata alisema goti linataka kupumzika. Siku iliyofuata alikuwa anangoja bei ya ng'ombe redioni. Baadaye hapakuwa tena na haja ya sababu; Reid alikunywa kahawa yake, akavaa kofia, akatoka peke yake, na baba yake akabaki dirishani na kikombe mkononi mpaka vumbi la gari likae.

Isidhaniwe kwamba Reid hakujaribu. Alichukua kigoda ambacho marehemu mama yake alikuwa akisimamia kuchuma cheri, akakifunga kamba, ili mzee akanyage, apande, kisha akivute juu kama ndoo ya kisima. Halvor alikubali kujaribu, uani, mara moja. Alipanda vizuri kabisa. Alivuta kamba, kigoda kikapanda kikibingirika na kugonga mlango, naye akakipokea mapajani akakaa nacho. Mbwa alikuwa akitazama. Mzee akashuka, akaifungua kamba, akaikunja vizuri, akakirudisha kigoda barazani.

"Kigoda cha mama yako kikae ndani," alisema. "Mvua itakiharibu."

Ngazi zilikuja kweli baada ya mnada wa ndama, kama Reid alivyoahidi, lakini zilikuja pamoja na barafu. Wiki ile ile zilipofungwa, Halvor aliweka mguu juu ya ngazi iliyoganda, ukateleza, akachubuka kutoka goti hadi kifundo. Janelle alimfunga bandeji jikoni.

"Basi, Baba. Mpaka masika," alisema.

"Mpaka masika," mzee alikubali, kwa wepesi uliomtia Janelle wasiwasi kuliko jeraha.

Majira ya baridi Reid alijifunza maana halisi ya malango matano. Mtu aliye peke yake husimama, hushuka, hufungua, hupanda, hupita, husimama, hushuka, hufunga, hupanda. Kisha yote hurudiwa wakati wa kurudi. Kufikia Februari magoti yake mwenyewe yalikuwa yakimwambia asubuhi yale ambayo ya baba yake hayakuwahi kusema kwa sauti. Glavu zilikuwa pale pale juu ya dashibodi. Zilikaushwa na joto la ndani ya gari na jua la dirishani, na Reid hakuthubutu kuzigusa, hata kuzipangusa vumbi.

Aprili ikarudi na tope lake. Reid alifika kwenye kivuko cha kijito, maji yakiwa ya kahawia na mapana kuliko mwaka uliotangulia, akaingia. Matairi yalizama kidogo, yakauma, yakashika. Gari lilipanda ukingo wa pili kama mtu anayepanda ngazi za nyumbani kwake.

"Umeona, Baba?" alisema, akageuka kulia.

Glavu hazikujibu. Reid alikaa pale na injini ikinguruma, akisikia jinsi sauti yake ilivyobaki ndani ya gari.

Alimkuta ng'ombe mmoja katika uchungu, ndama kakaa vibaya, akamvuta akiwa hai. Gari lilikuwa limefanya kila kitu lilichoinuliwa kufanya. Jioni alimweleza baba yake.

"Limevuka, Baba. Halikusita hata kidogo."

"Vizuri." Halvor alikoroga kahawa yake, ingawa hakuwa ameweka sukari. "Na mageti?"

"Nimefunga yote."

"La tatu huwa linalegea wakati huu. Ardhi ikiyeyuka, mti unaegemea kusini."

"Limelegea kweli."

"Na la tano, ule waya wa chini. Niliufunga kwa kipande kifupi tu, nilitaka kuurudia."

Reid akatambua kwamba baba yake alikuwa akiyapita malango yale kila asubuhi, moja baada ya jingine, akiwa amekaa dirishani. Alimtazama Janelle, naye Janelle akainamia sahani zake.

Jumamosi alimwita Pruitt ghalani.

"Nataka kulishusha."

"Kushusha nini?"

"Gari. Lirudi lilivyokuwa. Nimepata matairi ya kimo cha zamani kwa watu wa skrepa, na ngazi ninazo."

"Reid, watu huinua. Sijawahi kusikia mtu anashusha. Na tope je?"

"Nitavuka kwa trekta, au nitatembea."

"Sasa kisa?"

Reid alimwambia. Pruitt alisikiliza akiwa amekishika kidevu chake, na alipofahamu aliishusha kofia yake machoni.

"Ule utani wangu wa gavana," alisema.

"Garvin. Shika jeki."

"Mimi sikujua, ndugu yangu. Ningejua…"

"Hata mimi. Shika jeki."

Walifanya kazi bila mzaha, jambo ambalo kwa Pruitt ni sawa na mfungo. Bolti zilikatwa, mpya zikawekwa, kwa kuwa neno la mzee kuhusu bolti lilikuwa bado sheria katika ghala lile. Mzee mwenyewe hakuja kukaa juu ya ndoo. Janelle alisema amelala.

Kulipopambazuka siku njema ya Mei, nyasi zikiwa zimeanza kuota, Reid aliliegesha gari mbele ya baraza.

"Baba, twende tukaangalie ndama."

Halvor alitoka na kofia yake, akalitazama gari kwa muda.

"Limefupika," alisema. "Limezeeka kama mimi."

"Panda basi."

Mguu juu ya ngazi, mkono juu ya kishikio, akawa ndani. Aliufunga mlango mwenyewe. Njiani Reid alizungumza zaidi kuliko kawaida yake. Mzee aliitazama nchi yake. Alisema Pruitt amechelewa kurekebisha ua. Alisema theluji imebaki nyingi mlimani, ni dalili nzuri.

Wakafika lango la kwanza. Reid alisimamisha gari nyuma kidogo, kama zamani, ili lango lipate nafasi ya kuzunguka. Injini ikanguruma. Akajishughulisha na kioo ili asionekane anangoja.

Halvor alichukua glavu. Alijaribu kuivaa ya kulia. Ngozi, iliyokaa majira mazima bila mkono, ilikuwa imekauka katika umbo la ngumi iliyofungwa nusu, nayo haikukubali. Alivikunjua vidole vya glavu kimoja kimoja kwa subira, vikarudi vilivyokuwa. Akaiweka mapajani juu ya mwenzake. Alilitazama lango, mti wake, na kitanzi cha waya juu ya mti.

"Shika," alisema, akamnyooshea mwanawe glavu. "Fungua wewe."

"Hatuna haraka, Baba. Chukua muda wako."

"Najua hatuna haraka, mwanangu." Alisema bila uchungu, kama anayetoa habari za hali ya hewa. "Nimezoea kukaa. Majira ya baridi yalikuwa marefu."

Reid alizipokea. Alishuka akatembea hadi kwenye lango, akazijaribu kwa sababu baba yake alikuwa akimtazama, lakini hazikumwenea, akazitia mfukoni. Aliukumbatia mti, akabana, kitanzi kikakataa. Akabana tena.

"Bega chini kidogo!" sauti ilimfikia kutoka dirishani. "Chini! Usitumie kifua, tumia bega!"

Alishusha bega. Kitanzi kikatoka. Alilivuta lango pembeni, akarudi, akalipitisha gari, akashuka tena kulifunga, na safari hii kitanzi kiliingia mara ya kwanza.

"Hivyo hivyo," alisema Halvor, Reid alipopanda.

Kwenye lango la pili Reid hakungoja; alishuka mwenyewe kufungua.